Sababu ya Agosti 19

Ndugu, wahudumu wa misaada hukumbukwa Agosti 19 kwa sababu tarehe hiyo mwaka 2003 bomu liliripuliwa kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa katika Hoteli ya Canal, Baghdad, likaua watu 22, akiwemo Sérgio Vieira de Mello wa Brazil, mjumbe maalumu nchini Iraki. Baraza Kuu la Umoja huo liliidhinisha siku hiyo ya kumbukumbu mwaka 2008. Mei 8 ni ya Msalaba Mwekundu, tarehe aliyozaliwa mwanzilishi wake Henry Dunant, kwa hiyo tusizichanganye. Nalijua hili kwa kuwa hapa Kisumu kila Agosti 19 tunamkumbuka marehemu mjomba, aliyegawa mablanketi Nyando wakati wa mafuriko. Gambuti zake, zenye tope la Ahero hadi leo, hatujazisafisha.