Kioo cha simu kimeinuka pembeni lakini bado inakaa na chaji, niendelee kuitumia?

Mkuu, jibu langu ni hapana. Izime leo. Mimi ni fundi simu na kesi hizi napokea sana, na wengi wanakuja wakilalamikia kioo kubanduka, wanaomba kigundishwe tu. Gundi haina kosa. Ilaze simu mezani uisukume kidogo kwa kidole: ikizunguka badala ya kuteleza, mgongo umeshatuna, na kinachousukuma ni betri.

Ndani ya betri za lithiamu kuna kimiminika, na kadiri betri inavyochakaa kimiminika hicho huharibika na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea kwa sababu betri imefungwa kabisa, ndiyo maana inavimba. Joto huharakisha mambo, na chaji kukaa imejaa muda mrefu nayo huharakisha. Vikikutana vyote viwili, kama simu iliyochomekwa usiku kucha chini ya mto, betri haichukui muda kuvimba. Apple wao wanasema iPhone itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35. Ndani ya gari lililofungwa juani huvuka hapo haraka tu.

Sasa usiichomeke tena kwenye chaja. Kama haijapata moto na chaji ipo, hamisha picha na namba zako bila waya, kisha zima. Usikibonyeze kioo kirudi. Na tafadhali sana, usitoboe betri eti upunguze upepo. Kuna watu wanafanya hivyo na kurekodi video kabisa! Zile tabaka za ndani zikigusana, moto hauombi ruhusa. Friji nayo haisaidii kitu. Iweke juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na mapazia na godoro, na usisafiri nayo kwa ndege. Ukisikia harufu tamutamu inayokaribia ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, betri imeanza kuvuja: toka humo chumbani, fungua madirisha.

Kwa fundi, kaa umwangalie. Anayejua kazi hulegeza gundi kwa spiriti na kuinua betri kwa kipande cha plastiki, tena ikiwa na chaji kidogo, chini ya asilimia 25 hivi. Ukiona anaichokonoa kwa bisibisi, chukua simu yako uondoke. Betri iliyotolewa isitupwe kwenye pipa la taka za kawaida, ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Kuna mdau hapo juu kasema chaja ya wati nyingi ndiyo imeivimbisha. Hapo sikubaliani naye. Simu ndiyo inayoamua ivute umeme kiasi gani. Chaja ya wati 65 haiwezi kuilazimisha simu ya wati 18. Kuchaji haraka huongeza joto, ni kweli, lakini ninayoiogopa mimi ni chaja bandia. Dalili yake moja: ukiichomeka, kioo kinaanza kujibofya chenyewe au kinakataa kidole, ukichomoa kinatulia. Hiyo inatoa umeme mchafu, yaani usiotulia, achana nayo hata kama inajaza haraka.

Betri nyingine huja na kasoro za kiwandani, hapo mtumiaji hana hatia. Samsung walizirudisha Galaxy Note 7 mwaka 2016 kwa sababu ya betri, na zilikuwa mpya kabisa.

Ukishaweka betri mpya, tafuta kwenye mipangilio kama simu yako inaruhusu kuchaji kuishia asilimia 80. Simu nyingi za sasa wanayo hiyo. Washa, utaizoea.

Kuhusu kioo usiwe na hofu sana. Ukiwahi, fundi akitoa betri mara nyingi kioo hurudi mahali pake na kugundishwa upya. Ukisubiri kitapasuka kwa kusukumwa kutoka ndani, na hapo utalipia kioo na betri.