Ratili, kilo na karati: pale hesabu inapokula faida

Ukiuza kahawa Moshi, bei utaisikia kwa namna mbili. Mnadani hutajwa dola kwa kilo 50. Soko la New York hutaja senti za dola kwa ratili moja, yaani ile paundi. Kuzilinganisha ni rahisi: kilo 50 ni ratili 110.23, basi chukua zile senti uzidishe kwa 1.1023. Senti 200 zinakupa dola 220.46 kwa kilo 50. Ila bei zote mbili ni za kahawa iliyokobolewa. Ya maganda ikishakobolewa hupungua karibu moja ya tano, kwa hiyo usiipigie hesabu kama ilivyo kwenye gunia lako.

Wengi hukosea kwenye kuzidisha na kugawa. Uzito ukitoka ratili kwenda kilo, gawa kwa 2.2046. Bei ikitoka kwa ratili kwenda kwa kilo, zidisha. Kilo ni kubwa kuliko ratili, basi idadi ya kilo lazima iwe ndogo na bei ya kilo lazima iwe kubwa. Ukiona bei ya kilo imetoka ndogo kuliko ya ratili, futa uanze upya.

Je, 2.2 haitoshi? Kwa viazi vya nyumbani inatosha kabisa. Lakini mkataba mmoja wa kahawa New York ni ratili 37,500. Kwa 2.2 unapata kilo 17,045, kwa 2.2046 unapata 17,010. Hizo 35 zilizozidi ni zaidi ya nusu ya gunia la kilo 60, na hazipo popote isipokuwa kwenye kikokotoo chako.

Kwa wenzetu wa mawe Arusha, karati moja ni gramu 0.2, hivyo gramu 1.37 za tanzanaiti ni karati 6.85. Hapa mizani ndiyo inayoponza watu. Mizani ya jikoni isiyosoma chini ya gramu ikionyesha 1, jiwe linaweza kuwa na karati 2.5 au likakaribia 7.5! Tafuta inayosoma hadi gramu 0.01 au pungufu. Karati ya dhahabu ni habari nyingine, inapima usafi: 24 ndiyo dhahabu tupu. Na wakia ya dhahabu ni gramu 31.10, wakati ya kawaida ni 28.35. Anayegawa bei ya wakia kwa 28.35 atadhani gramu ina thamani zaidi kwa karibu asilimia 10.

Debe na sado hazina jedwali la kuzigeuza kuwa kilo, maana zinapima ujazo. Pima debe tupu, lijaze, pima tena, toa. Namba hiyo ni ya mzigo huo na ujazaji huo tu. Ukilirundika hadi lifanye kichwa, au mahindi yakiwa hayajakauka vizuri, pima upya.