Utakaa chini ya nani?

Mwanangu,

Umeniuliza kama ubaki chuoni kwa mkataba wa miaka miwili, uchunguze jinsi virusi vya mafua vinavyoiteka seli, au uende kwenye kampuni ya chanjo inayolipa vizuri. Kwanza niambie: utakaa chini ya nani?

Baba yako anasema naanza tena hadithi yangu. Acha nianze. Jumapili zile mlizokuwa mkichora ofisini, wewe na dada yako, mimi nilikuwa nalisha seli. Tulikuwa tumeziambukiza virusi, na kufikia siku ya tatu zote zilikuwa zimekufa, isipokuwa kikundi kidogo kilichoendelea kugawanyika. Bosi akasema zimechafuka, nizitupe. Sikuzitupa. Nilishaamini, na hadi leo naamini, kwamba anayetaka kuvijua virusi aanze na seli. Hivyo virusi vya mafua vina vipande 8 tu vya RNA, yaani maelekezo yao ya urithi. Nishati, mitambo ya kuunda protini, hata utando wa kujifunika, vyote hutoka kwa seli. Basi seli zangu zilikuwa zimekosa protini moja inayokaa juu ya utando wao, virusi vikakosa pa kushika. Siku nilipolithibitisha hilo nilicheka kwa sauti, peke yangu, maabara tupu.

Kisha kwenye kongamano bosi akauonyesha mchoro wangu, akasema, "Tulilishuku jambo hili mapema." Jina langu hakulitaja. Mpaka leo linaniuma.

Utaniambia mwanasayansi Howard Temin naye alipingwa kuanzia 1964, aliposema kuna virusi vya RNA vinavyojinakili kuwa DNA ndani ya seli, mpaka kimeng'enya chenyewe, protini inayofanya unakili huo, kikapatikana 1970. Kweli, na 1975 akapewa Nobel. Lakini Temin alikuwa na maabara yake. Mwanafunzi hana.

Kampuni nayo ina mabosi, na ikifuta mradi, swali lako limekwenda nao. Chuoni angalau swali ni lako. Au ni la mwenye ruzuku? Kuna siku naona hivyo. Lakini pale utaanza na seli, na hilo kwangu ni zito sana.

Ulimi unaniwasha kukuambia ningechagua lipi. Sisemi, si bado. Watafute waliokuwa wanafunzi wa profesa atakayekusimamia chuoni, uwaulize matokeo yao ya ajabu aliyapokeaje, na kwenye makala jina la nani lilitangulia. Wakikujibu, niandikie, ndipo nitasema.

Mama