Fomu za field zinarudi zote "vizuri sana"

SWALI: Naratibu mafunzo kwa vitendo katika chuo cha ufundi, fani ya magari. Kila mwaka waajiri wanajaza fomu za tathmini, zinarudi na mhuri na tiki zote kwenye "vizuri sana". Bodi inataka kujua kama mpango wenyewe unafaa. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, fomu hiyo inampima kijana, haiupimi mpango. Mwajiri akijua alama zake zinaweza kumfelisha mtoto wa watu, anatia tiki za huruma, na hata mimi ningetia. Iache fomu ya mwanafunzi kama ilivyo. Ya mpango ipeleke baadaye, matokeo yakishatoka, isiyo na jina la mwanafunzi yeyote.

Halafu angalia anayejaza ni nani. Mara nyingi ni afisa utumishi, aliyemwona kijana siku ya kuripoti na siku ya kugonga mhuri. Mtafute fundi aliyeshika naye spana. Niliwahi kukaa na mmoja kwenye benchi la gereji. Karatasi hakutaka hata kuiona. Nikamuuliza: kazi gani hukuthubutu kumwachia peke yake? Akajibu papo hapo: "Injini wanafungua vizuri. Ila taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, badala ya kuchukua mashine ya kupima, wanatafuta spana." Tulipopekua ratiba, kumbe somo la kupima hitilafu kwa mashine tulikuwa tunalifundisha muhula wa baada ya field!

Si kila neno la mwajiri ulichukue. Wapo wanaotaka fani nzima ifuate aina ya magari wanayotengeneza wao. Wapo pia waliogeuza wanafunzi vibarua wa bure, kwa hiyo soma na daftari la kazi za kila siku: kurasa zikijaa "kufagia, kuosha gari", usiubadili mtaala, badili gereji.

Wakubwa wa chuo wakisema unawasumbua waajiri, wakumbushe kwa upole kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea hulipa SDL, yaani tozo ya kuendeleza ujuzi, na sehemu yake huigharamia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania. Waajiri wana haki ya kuuliza hela yao inazalisha fundi wa namna gani.

Mkishabadilisha jambo, mpigie simu aliyelisema. Na ukienda gereji nenda asubuhi, kabla magari hayajajaa. Mchana utaambulia tiki tu.