Kwa mliofika juzi: maua hayanisaidii kitu

Wadogo zangu, wiki iliyopita niliwapokea watatu wenu stendi hapa Arusha mkitoka kukusanya mimea Marangu, presi (mbao za kubania na kukaushia mimea kati ya magazeti) imekazwa kamba, pua zimebabuka kwa jua, vicheko tele. Nikafungua. Peucedanum (mimea ya familia ya karoti) kumi na mbili, zote zimechanua kama bibi harusi, tunda hata la dawa hakuna. Nilishindwa kuwagombeza, maana mimi nilileta ishirini na sita.

1. Familia ya karoti hutambuliwa kwa tunda lililokomaa. Maua yake karibu yote ni ndugu: mwavuli, petali tano, stameni tano. Ukilikata tunda ndipo unaona mbavu, mabawa na vijia vya mafuta, na hapo jenasi zinaachana.

Mwaka wangu wa kwanza nilipita Horombo, kambi ya Kilimanjaro, mita 3,720, nikakutana na Peucedanum kerstenii, ile yenye jina la Otto Kersten aliyepanda mlima huu na mvumbuzi von der Decken mwaka 1862. Ilikuwa imenizidi kimo. Manyunyu yananyesha, vidole havikunjiki, na mimi najiona mgunduzi. Nikakata vichwa vya maua tu. Majani ya chini niliyaacha kwa sababu hayakuenea kwenye presi. Kisha nikaomba nipigwe picha.

Kule hebariamu (ghala la mimea iliyokaushwa), mzee wa makabati akashika lenzi, akapitia karatasi moja moja bila kusema. Mwisho akauliza, "Mwanangu, matunda yako wapi?" Nikajibu kwa kujiamini kwamba hayakuwepo, si msimu wake. Akaomba kuona picha. Nimesimama pale natabasamu, na nyuma ya bega langu kuna mmea wa aina ileile, umekauka, kahawia, umeinama, matunda yamejaa tele. Niliupita kwa sababu ulikuwa mbaya. Mzee akanirudishia picha, akanipa kalamu: lebo ishirini na sita, zote "Peucedanum sp.", yaani spishi haijulikani, na chini jina la mkusanyaji, yaani mimi. Bado zipo kabatini. Wageni huzifungua.

2. Jani la chini lije na ala yake, ile sehemu inayokumbatia shina. Likiwa kubwa, likunje mara tatu.

3. Shina nene lipasuliwe, magazeti yabadilishwe kila siku.

4. Tunda la Sanicula, jenasi nyingine ya familia hii, lina vijindoano, kwa hiyo kagua suruali kabla ya kufua. Mmoja wenu (anajijua) alipukutisha sampuli nzima ndani ya daladala, abiria wakaondoka nayo kwenye vitenge.

5. Msionje! Nilimkuta kijana anatafuna jani eti "linanukia giligilani". Conium, sumu iliyomuua Socrates, nayo ni ya familia hii hii. Na vaeni glavu: utomvu wa baadhi yao ukipata jua juu ya ngozi huacha malengelenge.

6. Tangu 2008 Peucedanum nyingi za Afrika zimehamishiwa jenasi nyingine. Msigombane na folda zenye jina la zamani. Andikeni mlichokiona, na mwinuko msiukisie.

Jumatatu mnapanda tena. Bahasha za matunda ziko droo ya chini. Kamba mtanunua wenyewe Moshi, hiyo ya kwangu nairudisha nyumbani, ni ya mbuzi.