Maswali ya Wasomaji: Spea za Kuweka Akiba

SWALI: Nina trekta moja, plau ya diski na mashine ya kupukuchua mahindi. Kila msimu kitu kidogo huharibika na kazi inalala siku nzima. Niweke spea zipi bila kugeuza stoo kuwa duka?

JIBU: Weka kile kinachokwisha mapema na ambacho kikifa, kazi inasimama. Pampu ya dizeli na gia za gia boksi ziache dukani. Haziharibiki mara kwa mara, na hata ukiwa nazo hutazifungia shambani.

Anza na filta mbili za dizeli. Kwa nini mbili? Tangi likiwa na uchafu, filta mpya nayo huziba kabla hujamaliza kusafisha. Pamoja nazo weka washa za shaba, maana za zamani zikishabanwa mara moja huvujisha au huingiza hewa. Ukishafunga filta, legeza skrubu ya kutolea hewa, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, ndipo ukaze.

Ongeza mkanda wa feni, krosi moja (kiungo cha msalaba) ya shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine, beringi na oili sili (vizibo vya mpira vya kuzuia oili) za diski moja ya plau, fyuzi na kopo la pini. Mikanda ya mashine ya kupukuchua, kama inakaa zaidi ya mmoja kwenye puli, nunua seti nzima. Ukichanganya mpya na wa zamani, mpya ndio unaobeba mzigo wote kwa sababu wa zamani umeshavutika. Hozi ya haidroliki weka moja, iliyo ndefu kuliko zote. Ncha zikilingana, itafaa hata mahali pa fupi.

Kisha andika namba ya kila spea, maana ukiagiza “beringi ya plau” utaletewa yoyote. Kwa mfano, beringi ya 6205-2RS ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 52, unene 15. 2RS ni vifuniko vya mpira pande zote mbili. Mkanda wa B62 una upana wa milimita 17 juu na urefu wa ndani wa inchi 62. Namba hufutika kwa kusuguliwa, hivyo inakili mkanda ungali mpya.

SWALI: Boliti ya usalama ya shafti ya mashine ya kukatia nyasi inakatika ovyo. Fundi anasema niweke ngumu zaidi. Ni sawa?

JIBU: Hapana. Imewekwa ikatike ili gia boksi ipone. Rudisha boliti ya daraja la ugumu lililotajwa kwenye kitabu cha mashine, kisha tazama matundu: yakishapanuka, boliti hucheza na kugongwa mpaka ikatike hata bila mzigo. Angalia pia urefu wake. Sehemu laini ya boliti ndiyo ipite pale vyuma viwili vinapokutana. Zikipita hapo nyuzi za kufungia nati, itakatika mapema. Kumi za akiba zinatosha msimu.

SWALI: Mikanda niliyohifadhi imepasuka kabla ya kutumika. Tatizo nini?

JIBU: Jua, joto, au mashine ya kuchomelea iliyo karibu, maana cheche zake za umeme hutoa gesi ya ozoni, nayo hupasua mpira. Iweke gizani, mbali na oili, bila kuikunja kwa nguvu. Usiitundike kwenye msumari mwembamba.