Jibu: Sijui kusoma nota, niende warsha ya jazz?

Mdogo wangu, unauliza iwapo mpiga gitaa la solo wa bendi ya dansi hapa Tanga, asiyesoma nota, ana la kufanya kwenye warsha ya wiki nzima ya kupiga jazz papo kwa papo. Nenda! Mimi nilikwenda ya Bagamoyo nikiwa hivyo hivyo.

Ila jina la jazz lisikuchanganye. Bendi zetu za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilibeba neno hilo huku zikipiga dansi lenye damu ya rumba. Kule utaanzia kwenye blues: vipande 12, kila kimoja mapigo manne, kisha unarudi mwanzo. Ukipiga kwa F, vinne vya kwanza ni kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F7, viwili B bemoli 7, viwili F7, kimoja C7, kimoja B bemoli 7, viwili vya mwisho F7. Uimbe mzunguko huo kwa mdomo kuanzia leo, mpaka usipotee hata mpiga dramu akinyamaza.

Siku ya pili mwalimu aliniruhusu sauti tatu tu. Vidole vyangu vilizoea kukimbia kwenye sebene, nikakwama. Akasema: piga kifungu kifupi, nyamaza, msikilize mwenye besi, mjibu. Ni malumbano ya washairi kabisa, na wewe umekulia kwenye taarabu, unayajua.

Beba nyuzi za akiba. Upepo wa bahari unazilisha kutu upesi, na wangu mmoja ulikatika katikati ya zamu yangu.